Winchi ya Bi Kheri

Jamhuri ya Mabega haimo kwenye ramani za shule, na anayetaka kuitafuta atachosha macho bure. Wapo wasafiri wanaodai kwamba wameishi humo miaka mingi bila kujua, lakini hayo ni maneno ya wasafiri. Sisi tunalolijua kwa hakika ni kwamba ni nchi nzuri, yenye amani, na kwamba kiongozi wake hakanyagi chini.

Jambo hilo limeandikwa kwenye katiba, mwanzoni kabisa, kabla ya habari za bendera. Kiongozi huitwa Mbebwa Mkuu, na tangu anapoapishwa nyayo zake huwa mali ya taifa. Haziruhusiwi kugusa udongo, wala sakafu, wala zulia. Hubebwa kitini na vijana wa Wizara ya Mabega, wizara yenye bajeti kubwa kuliko zote, ikifuatiwa kwa mbali na Wizara ya Mito ya Kukalia. Raia wakikutana naye husema, "Ubebeke, Mkuu," naye hujibu, "Nimebebeka." Watoto hufundishwa salamu hiyo kabla ya kufundishwa kuhesabu, na ni kweli kwamba wengi wao hawafiki kwenye kuhesabu.

Kwa kuwa kubeba ndiyo kazi ya heshima, hospitali kuu ya nchi hiyo ilikuwa na wodi kubwa sana ya mifupa. Humo ndimo alimofanya kazi Zawena, muuguzi kijana aliyemaliza chuo karibuni, binti mwenye sauti ndogo kiasi kwamba madaktari walimuuliza jambo mara mbili kisha wakajijibu wenyewe. Zawena hakuwa na kinyongo na nchi yake. Aliamini kila kilichosomwa redioni, alipiga pasi sare yake kila asubuhi, na wagonjwa wote aliwaita kwa majina yao.

Kwenye kitanda cha dirishani alilala Bi Kheri.

Bi Kheri alikuwa mpika maandazi, mwanamke mkubwa wa mwili, wa sauti na wa kicheko. Alikuwa ameteleza kwenye maji aliyooshea vyombo vyake, nyonga ikavunjika. Upasuaji ulikwenda vizuri. "Sasa kazi iliyobaki ni kumgeuza, kumkalisha na kumsimamisha," daktari alisema. "Akiachwa alale hivi hivi, mgongo utaoza na mapafu yatajaa." Kisha akaenda zake, kwa sababu kugeuza si kazi ya daktari.

Kumgeuza Bi Kheri kulitaka watu wenye nguvu, na wahudumu wote wenye nguvu walikuwa wamehamishiwa Wizara ya Mabega. Walibaki wauguzi na wahudumu wachache, kila mmoja na kiuno chake kibovu. Kitanda nacho kilikuwa chembamba, vyuma vya pembeni vikimkaba mbavu kila alipovuta pumzi. Machela pekee ya wodi ilipasuka siku aliyoletwa.

"Huyu angeitiwa kreni ya bandarini," mhudumu mmoja alisema mbele yake, akajipapasa kiuno.

Wenzake walicheka. Bi Kheri alicheka kuliko wote. Lakini chakula cha mchana kilipokuja alikisogeza pembeni.

"Mbona huli, Bi Kheri?" Zawena alimuuliza.

"Najipunguza, mwanangu. Nikipungua mtaniweza."

Zawena alimfunika miguu vizuri, akaenda kwenye chumba cha shuka, akafunga mlango, akalia.

Alipomaliza kulia alikwenda kwa Matroni Asteria. Huyo ndiye aliyemfundisha chuoni, na Zawena alimpenda kama mtu anavyompenda shangazi aliyesoma. Kila alipomgusa mgonjwa alisikia maneno ya Matroni kichwani: mgonjwa si gunia, gunia halioni haya.

"Tulia, binti yangu," Matroni alimwambia. "Winchi inakuja. Mashine maalumu ya kunyanyulia wagonjwa wazito, pamoja na kitanda kipana kinachoinuka kwa umeme. Nimewaomba wafadhili mwenyewe, na nimemtaja Bi Kheri kwa jina."

Zawena alirudi wodini karibu anakimbia. Alimweleza Bi Kheri jinsi kitambaa kipana kitakavyopitishwa chini yake, kikaning'inizwa kwenye mkono wa mashine, naye akapanda taratibu kama mtoto kwenye bembea, bila mtu yeyote kuumia.

"Na yenyewe haitanicheka?"

"Ni mashine, Bi Kheri."

"Basi ina adabu." Bi Kheri alitazama dari kidogo. "Unajua nani kaileta hiyo? Kibiriti wangu."

Ndipo Zawena alipojua kwamba Mbebwa Mkuu, kabla hajawa mkuu wa chochote, alikuwa kitoto cha jirani kilichoitwa Kibiriti kwa udogo wake. Njia ya kwenda shule ilipita kwenye tope, naye hakupenda tope. Kwa hiyo Bi Kheri, akiwa msichana, alimbeba mgongoni masika yote, siku baada ya siku, bakuli la maandazi kichwani na Kibiriti mgongoni.

"Alikuwa ananishika shingo hivi," Bi Kheri alisema, akajishika. "Akaniambia, dada Kheri, nikiwa mkubwa nitakubeba mimi. Watu wanasema wakubwa husahau. Mimi sisemi hivyo."

Na jioni ile alikula.

*

Winchi ililetwa ikiwa imefungwa utepe mwekundu, na kitanda kipana nacho kimefungwa wa kwake. Viliwekwa ukutani, mahali ambapo Bi Kheri aliviona vizuri akigeuza shingo.

Wageni wa Mabega hushangaa wanapoambiwa kwamba kitu kipya hakitumiki humo kabla ya kuzinduliwa. Wenyeji hawashangai. Choo kipya cha wagonjwa wa nje kilikuwa kimefungwa utepe tangu mwaka juzi, na watu walikizunguka kwa heshima wakaenda nyuma ya ukuta.

"Matroni," Zawena alisema, "kwa nini tusiutoe utepe kidogo tu, tumgeuze Bi Kheri, kisha tuurudishe?"

"Utepe ukiguswa na asiyehusika ni uhaini, binti yangu. Subiri."

Zawena alisubiri. Aliweka mto hapa, akaondoa mto pale, akapaka mafuta, na kila siku akatazama chini ya mgongo wa Bi Kheri, pale ngozi ilipokuwa nyekundu, kisha nyeusi kidogo, kisha ikaanza kuchubuka.

Kitu kimoja kilimpa moyo. Wizara ilikata utepe wa kwanza, ule wa winchi, kwa kibali maalumu, kwa ajili ya mafunzo tu, ikaleta wahudumu wapya ili Zawena awafundishe kuitumia mashine. Walikuwa wanaume wanne wenye shingo nene, suti nyeusi na viatu vya kung'aa. Zawena alishangaa kidogo kuona wahudumu wa wodi wakivaa miwani ya jua ndani ya nyumba, lakini hakuwa mtu wa kuuliza.

"Sista," mmoja alisema, "mgonjwa anaweza kunyanyuliwa akiwa amevaa joho?"

"Wagonjwa wetu hawavai joho, kaka."

"Lakini akiwa nalo?"

"Anaweza, mradi lisinase kwenye magurudumu."

"Na akiwa juu anaweza kuhutubia?"

"Kuongea anaweza." Zawena alifikiri. "Ila kwanza kabisa mwambieni mnachotaka kufanya. Mwangalieni usoni, mwiteni kwa jina. Mtu akiwa angani huwa mpweke."

Wote wanne waliandika: mpweke.

Aliwaonyesha betri na namna ya kuichaji. Aliwaonyesha kishikio chekundu cha kumshushia mgonjwa wakati wa dharura, umeme ukiisha. Hapo mwenye shingo nene kuliko wenzake alifunga kalamu yake, na wenzake wakafunga zao. "Dharura haitakuwepo," alisema. "Haimo kwenye ratiba."

Zawena hakuwahi kufundisha vizuri hivyo maishani mwake. Sauti yake ilisikika mpaka mlangoni. Bi Kheri, kutoka kitandani, alimpigia makofi.

*

Siku ya uzinduzi Bi Kheri aliogeshwa mapema kwa kitambaa, akapakwa manukato, akafungwa kanga mpya. Alikuwa amejiandalia la kusema. Alikuwa akilirudia midomo ikicheza, kama mtoto anayesubiri kuitwa kukariri.

Afisa itifaki aliingia kukagua, akasimama mbele yake.

"Huyu ni nani?"

"Ni mgonjwa atakayenyanyuliwa," Zawena alisema.

"Mkubwa hivi? Mbele ya Mkuu? Watu wataanza kulinganisha."

Kitanda cha Bi Kheri kikasukumwa kwenye chumba cha shuka, kwa muda tu. "Usijali," Bi Kheri alimwambia Zawena mlango ukifungwa. "Akiniuliza, utamwonyesha nilipo."

Waziri wa Mabega alitoa hotuba. "Ndugu wananchi," alisema, "enzi za kuinua kwa mikono zimekwisha, na enzi za kuinua kwa kuinuliwa zimeanza. Wako wabeza wanaosema serikali haiwaoni wazito. Leo tunawajibu. Mzito wa kwanza kuonwa na serikali hii ni serikali yenyewe." Makofi yalipigwa. Utepe uliobaki ukakatwa, na wale wanaume wanne wakaisukuma winchi, wakapita vitanda vyote, wakasimama mbele ya kiti cha Mbebwa Mkuu.

Mwenye shingo nene aliinama. Alimwangalia Mkuu usoni.

"Mkuu," alisema kwa upole, "sasa tutakuinua. Tutakwenda taratibu. Usiwe na wasiwasi."

Yalikuwa maneno aliyowafundisha Zawena, neno kwa neno, mpaka namna ya kuinamisha kichwa. Zawena alisimama na trei mkononi akayasikiliza.

Mbebwa Mkuu akapanda. Joho lilining'inia, viatu visivyowahi kuchakaa vikachezacheza hewani. Alitazama vichwa vya mawaziri wake kutoka juu, jambo ambalo mabegani mwa watu hakuwahi kulipata sawasawa, kwa sababu mabega huchoka.

"Naona mbali," alisema.

Hilo lilitosha. Winchi ilitoka mlangoni pamoja naye. Kitanda kipana kilifuata, kwa ajili ya mapumziko baada ya chakula. Kilichobaki wodini ni vipande vya utepe, na mtu aliyeagizwa kuvifagia.

Zawena alimkuta Matroni Asteria kwenye korido.

"Matroni, wanaipeleka wapi?"

"Ikulu."

"Wale wahudumu niliowafundisha..."

"Si wahudumu, binti yangu."

Zawena aliona kwamba Matroni alikuwa na beji mpya kifuani. Iliandikwa Mshauri wa Mwinuko wa Taifa.

"Ulijua?"

"Nilijua tangu mwanzo. Vijana wa kubeba wanaanguka kila wiki, Mkuu anazidi kuwa mzito, na nchi haiwezi kununua winchi ya kiongozi bila magazeti kuuliza. Lakini winchi ya mgonjwa maskini, nani atauliza? Wafadhili walilia waliposikia habari za Bi Kheri. Walilia kweli, niliwaona."

"Ulinifundisha kwamba mgonjwa si gunia."

Matroni alimtazama kwa huruma, ile huruma ya mwalimu kwa mwanafunzi asiyekua. "Nilikufundisha kwa ajili ya mtihani, Zawena. Ukafaulu."

Chumba cha shuka kilipofunguliwa, Bi Kheri alikuwa bado anarudia maneno yake. Alisita alipouona uso wa Zawena.

"Aliniulizia?"

"Alikuwa na haraka," Zawena alisema.

*

Sikukuu ya taifa ilipofika, gari jeusi lilimfuata Zawena wodini. Alipanda akiwa na matumaini, kwa kuwa matumaini yalikuwa ugonjwa wake.

Ukumbi ulikuwa umejaa watu na ulikuwa unapiga makofi. Zawena aliwatazama wapiga makofi akaona wanatokwa jasho, wengine wanalia kimya kimya, viganja vimevimba. Hotuba ilikuwa imekwisha zamani. Lakini sheria inasema makofi yanaanza Mkuu akimaliza kusema na yanakoma akishuka, na Mkuu alikuwa hashuki. Alikuwa akining'inia juu ya jukwaa ndani ya kitambaa, akizunguka polepole, mara anawapa watu uso, mara anawapa mgongo.

Betri ilikuwa imeisha. Hakuna aliyeichaji, kwa sababu itifaki ilikataza mashine ya Mkuu kuunganishwa ukutani kama pasi. Na wale wanne, kila mmoja alikuwa anajaribu kukumbuka somo lilivyoendelea baada ya mahali walipofunga kalamu.

"Mshushe polepole," Waziri wa Mabega alimnong'oneza Zawena, "lakini asiguse chini. Akigusa chini hatuna serikali."

Mawaziri walivua makoti, wakayatandaza sakafuni moja juu ya jingine. Zawena alipanda jukwaani. Mkono wake ulishika kishikio chekundu, na hata hapo hakuweza kuacha kufanya alivyofundishwa. Aliinua uso.

"Mkuu, mimi naitwa Zawena, ni muuguzi. Sasa nitakushusha, taratibu. Unaogopa?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Mbebwa Mkuu swali hilo.

"Kidogo," alisema, kwa sauti ambayo ilifichwa na makofi.

Kama si sauti hiyo Zawena asingethubutu. Lakini ilikuwa sauti ya mtoto, na yeye alizoea kuongea na watoto. "Mkuu, wodini kwangu yuko mtu anayeisubiri mashine hii. Ni Bi Kheri. Yeye ndiye aliyekuwa anakubeba kwenye tope."

Kitambaa kilizunguka, kikampeleka Mkuu upande wa pili, kikamrudisha. Aliporudi macho yake yalikuwa na maji.

"Dada Kheri," alisema. "Mgongo mpana. Alikuwa ananukia maandazi."

"Ndiye."

"Bado yupo?"

"Yupo, Mkuu. Lakini hawezi kujigeuza, na ngozi imeanza kuchubuka."

"Mwambie nimemkumbuka. Kuanzia leo atatunzwa kama kitu changu mwenyewe. Nakuahidi mbele ya umati huu."

Umati ulipiga makofi. Zawena alimshusha kwa ulaini ambao hata Matroni Asteria angeupa alama zote, na nyayo za taifa zikatua juu ya makoti.

Zawena alirudi akamwambia Bi Kheri kwamba Mkuu amemkumbuka, na usiku ule furaha ilimnyima Bi Kheri usingizi. Asubuhi aliomba uji, akanywa vikombe viwili, akaomba asukwe nywele. "Niliwaambia," aliiambia wodi nzima. "Niliwaambia au sikuwaambia?"

*

Waliokuja hawakuwa na winchi. Walikuja na futi ya kupimia, nguzo nne za shaba, kamba nene ya rangi ya zambarau na askari mmoja.

Kiongozi wao alikuwa afisa wa Makumbusho ya Taifa, mtu mpole sana. Alimpima Bi Kheri kuanzia kichwani mpaka miguuni bila kumgusa. Kisha akasoma tangazo la Ikulu. Kwa kuwa vitu vinavyombeba Mbebwa Mkuu vimeanza kuchakaa kwa matumizi holela, kila kilichowahi kumbeba kitahifadhiwa kama urithi, na ni marufuku kukigusa, kukisogeza au kukitumia kwa shughuli nyingine yoyote.

"Na winchi?" Zawena aliuliza.

"Iko salama kabisa, sista. Tumeiweka kwenye kabati la vioo. Haitaguswa tena na mtu yeyote." Aligeuka kwa Bi Kheri. "Hongera, mama. Wewe ndiye wa kwanza. Mkuu mwenyewe ameagiza utunzwe kama kitu chake."

Walisimamisha nguzo, wakazungusha kamba, wakatundika kibao miguuni pa kitanda: Kibebeo cha Kwanza cha Mbebwa Mkuu. Usiguse. Askari akasimama pembeni. Afisa akaaga kwa adabu.

Bi Kheri alikuwa ameshika nywele zake zilizosukwa upande mmoja.

"Nani aliyewaambia kwamba nilimbeba?"

Zawena alisimama nje ya kamba. "Mimi. Nilidhani akijua..."

"Alikumbuka kweli, au ulinifurahisha tu?"

"Alikumbuka, Bi Kheri. Hata harufu ya maandazi. Machozi yalimlenga."

Bi Kheri alifumba macho. Kifua chake kikubwa kilipanda na kushuka, kikigonga vyuma vya kitanda. "Ningependa angekuwa amesahau," alisema hatimaye. "Aliyesahau ningemsamehe."

"Nisamehe mimi."

"Wewe ulikwenda kumwambia mtoto, mwanangu. Hukujua kwamba alishaondoka."

Halafu akasema kwa sauti ya chini, kana kwamba ni jambo la aibu, kwamba mgongo unamuuma sana leo.

Ilikuwa saa ya kuona wagonjwa. Wodi ilijaa ndugu wenye vikapu na chupa za chai. Zawena aliwatazama, akatazama kibao, akapiga goti akapita chini ya kamba. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, alipaza sauti, wodi nzima ikamsikia.

"Nani hapa ana mikono mizima?"

Walikuja. Akina mama waliweka vikapu chini, na kijana mmoja aliyekuja kumwona baba yake, na yule mhudumu aliyetania habari za kreni ya bandarini, ambaye hakumtazama mtu usoni. Zawena aliwaonyesha jinsi ya kuikunja shuka pembeni na kuishika viganja vikitazama juu. Pembe moja ilikosa mtu.

"Wewe afande, shika hapo."

"Mimi nimekatazwa kumgusa, sista."

"Humgusi yeye. Unagusa shuka ya hospitali."

Askari alifikiri. Tangazo halikusema lolote kuhusu shuka. Aliegemeza bunduki kwenye nguzo ya shaba, akashika.

"Bi Kheri," Zawena alisema, akimwangalia usoni, "sasa tutakuinua. Tutakwenda taratibu."

Wakainua. Mishipa ilitoka shingoni, mtu mmoja akaguna, na Bi Kheri akaondoka kwenye godoro kwa mara ya kwanza tangu apasuliwe. Zawena aliingiza mkono chini, akafuta, akaweka dawa, akapachika mto. Kazi ilikuwa fupi, na kesho ingebidi irudiwe, na kesho kutwa, na hakuna aliyejua kama watu hawa wangerudi au kama askari angeletwa mwingine, anayejua kusoma tangazo vizuri zaidi.

Bi Kheri alikuwa juu, ameshikilia ukingo wa shuka, akitazama nje ya dirisha kuelekea lilipo jumba la Ikulu.

"Alikuwa mwepesi sana yule mtoto," alisema. "Sijui alianza kuwa mzito lini."